Mwaka Nilipokuwa Saa

Tulimzika Shangazi Raheli Ijumaa iliyopita, na hasira niliyorudi nayo kutoka mazishini haijanitoka hadi leo. Kifo chenyewe hakinikasirishi. Mtu aliyekula chumvi nyingi vile, akakaribia miaka mia na bado anatafuna mahindi ya kuchoma kwa ufizi, akiondoka tunaimba na kushukuru. Aliyenikasirisha ni kijana wa kipaza sauti, yule wanayemwita MC, aliyevaa miwani ya jua chini ya mawingu ya Burnt Forest. Nilipoitwa niseme machache kwa niaba ya wake wa ukoo, akanitangulia. "Wapendwa, huyu mama mnamuona hapa, enzi za mkoloni ndiye alikuwa saa ya Eldoret! Unapiga simu, unaskia ni yeye anakwambia time. Ama nadanganya? Mama, hebu tupatie ile sauti kidogo, one time tu, halafu uongee." Watu wakapiga makofi. Jeneza lilikuwa hatua nne kutoka niliposimama, limefunikwa kitambaa cheupe, na mimi naombwa nimsomee marehemu saa. Nilimkodolea macho yule kijana mpaka akavua miwani. Kisha nikasema Shangazi alikuwa mama wa watu wote, nikasema alipenda chai yenye maziwa mengi, nikarudisha kipaza sauti nikaketi. Nyuma yangu nikamsikia mjukuu wangu akimwambia mwenzake, "Nyanya naye hukasirika bure." Bure! Basi wacha niiandike hiyo bure yangu, waisome siku watakayonizika mimi.

Sitaanza na wazazi wala na shule ya misheni. Hayo kila mzee huyaandika, na yote yanafanana. Nitaanza na stoo. Ilikuwa nyuma ya ofisi ya simu, chumba cha hatua tano kwa nne, na kuta zake zote zilikuwa zimefunikwa kwa mablanketi ya kijivu ya jeshi ili sauti isirudi. Kilinuka sufu, mafuta ya mashine na panya. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mji wenyewe, Eldoret, wengi wetu tuliuita Sisibo, na simu zilikuwa za Wazungu na za Wahindi wenye maduka. Mwafrika aliyeonekana ameshika simu alikuwa ameagizwa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimeajiriwa kupanga karatasi na kuchemsha chai, na kazi hiyo kwa msichana Mwafrika ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwalimu wangu wa zamani alinitaja kwenye maombi ya shule, ili wasichana wengine wajue mlango umefunguka. Kwenye swichibodi, meza ya kuunganisha simu, alikaa Zarina, binti wa Kihindi wa umri wangu, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Mkubwa wetu alikuwa Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, fundi wa mitambo, ambaye wafanyakazi walimpa jina la Bwana Dakika. Alikuwa na saa tatu, moja mkononi, moja mfukoni na moja ukutani, na kila asubuhi kabla ya kutusalimu alizilinganisha zote tatu. Mara nyingine baada ya kuzilinganisha alisahau kutusalimu.

Kilichomkosesha Bwana Dakika usingizi ni manyapara. Kwenye mashamba ya walowezi, nyapara ndiye aliyegonga kipande cha reli kuita watu kazini na kuwaachilia, na kila nyapara aligonga kwa kadiri alivyoona jua. Wenye mashamba waligombana nao, kisha wakawa wanampigia Zarina siku nzima kuuliza ni saa ngapi, mpaka Zarina akatishia kurudi kwao kuuza vitambaa. Ndipo Bwana Dakika akaunda mashine yake ya santuri na mota ndogo, iliyojisomea saa yenyewe mtu akipiga. Sauti ya Kiingereza ilikuwa ya mke wake. Ya Kiswahili, ili nyapara apige mwenyewe asisumbue mtu, ilikuwa yangu, na sababu ya kuchaguliwa ni kwamba siku hiyo mimi ndiye niliyeingiza chai. Nilisoma saa zote na dakika zote kwa siku tatu, nimefunikwa blanketi kichwani, kila neno peke yake, "saa," "nne," "na dakika," "kumi," mpaka maneno yakakosa maana mdomoni. Nikikohoa, tunaanza upya. Lori likipita barabarani, tunaanza upya. Siku ya nne akanisikilizisha. Ilikuwa sauti yangu kabisa, ila imetulia kuliko nilivyowahi kutulia mimi. Niliipenda, nisiseme uongo. Nilitembea kwenda nyumbani siku hiyo nikijiona mtu.

Nilijiona mtu kwa wiki mbili, kisha salamu zikaanza. Sijui Bwana Dakika alidhani watu wetu huulizaje saa. Humwendei mtu, hata kama nyumba yako inaungua, ukamrukia na swali. Unamsalimu, unamuuliza za kwake, watoto, mvua, ndipo unasema lililokuleta. Basi nyapara anavua kofia mbele ya simu ya barazani, Zarina anamuunganisha, naye anasema, "Hujambo mama? Habari ya huko mjini?" Sauti yangu inamjibu, "Sasa ni saa kumi na mbili na dakika arobaini." Anadhani sikusikia. "Mama, nakusalimia. Mko wazima huko?" "Sasa ni saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja." Zarina aliyasikia yote, akaja kunisimulia nikichemsha maziwa, akimwigiza kila mmoja mpaka machozi yanamtoka. Mimi sikucheka. Sauti ilikuwa yangu na mji ulikuwa mdogo. Sokoni mwanamke aliyeniuzia mboga alinitupia fungu kama mtu anayetupa maganda. "Wewe si ndiye yule wa simu? Mume wangu amekusalimia siku tano. Tano! Kwani ukijibu unapungua nini?" Kanisani kina mama walinishika mikono wakaniombea niondolewe kiburi, kwa sauti, na jina langu mbele: "Bwana, mtazame Dorika." Mtu mzima nimefumba macho, naombewa dhambi iliyofanywa na santuri. Nilipowaeleza kwamba ile ni mashine walinihurumia zaidi, kama wanavyomhurumia mlevi anayesema ni chupa iliyomponza.

Nilimwendea Bwana Dakika nikamwomba aongeze neno moja tu pale mwanzoni, hamjambo. Alinisikiliza kwa upole, akatoa saa ya mfukoni. "Sema hiyo neno," akasema. Nikasema. "Sekondi mbili. Halafu ile mtu najibu, sekondi mbili ingine. Halafu wewe nauliza mtoto, nauliza ng'ombe, na saa yangu nakuwa ya uwongo! Saa hapana salimu mtu, Dorika. Nani nasalimu saa?"

"Watu wote, Bwana," nikamwambia.

Akacheka sana, akairudia bisibisi yake. Hadi leo nikikumbuka kicheko kile natamani kugonga meza. Alikuwa na saa tatu, na sekunde mbili za kumpa mtu salamu hakuwa nazo.

Haya yote ningeyameza kama Shangazi Raheli asingekuwa mpishi. Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa na Eliya, karani wa mizigo pale stesheni ya reli, kijana mpole mwenye meno mazuri, na Shangazi Raheli ndiye aliyemlea tangu anatambaa. Yeye ndiye angewaongoza wazee kuja kwetu kuniposa. Bila neno lake hakuna ambaye angetia mguu. Alikuwa mpishi kwenye shamba moja upande wa Sugoi, na memsahibu wake alikuwa amemfundisha kupiga simu aulize saa, ili mikate isiungue. Naye Eliya, kwa majivuno ya uchumba, alikuwa amemwambia, "Shangazi, ukiuliza saa, anayekujibu ni Dorika wangu." Laiti angenyamaza! Shangazi alifuta mikono, akajitengeneza kitambaa kichwani, akanisalimu. Alinisalimu asubuhi tatu, kwa heshima zote, akajitambulisha yeye ni nani wa Eliya. Asubuhi zote tatu akasomewa saa. Siku ya nne alimtumia Eliya neno kwa dereva wa lori la maziwa: "Huyo msichana wako amenifanya mimi ni mlango. Nabisha, nabisha, hafungui."

Jumapili hiyo Eliya alinipeleka kwa Shangazi tukapatane. Jiko lilikuwa jengo la peke yake nyuma ya nyumba kubwa, limekuwa jeusi kwa moshi hadi darini, na ndani kulikuwa na stovu ya chuma, simu ya jikoni karibu na mlango, na mikate minane imepangwa dirishani ipoe. Joto lake baada ya baridi ya njiani lilinifanya nitake kulala. Shangazi alitupa chai, mayai ya kuchemsha, na vipande vya mkate vya pembeni, vile vigumu ambavyo memsahibu hakuvitaka, amevipaka siagi kwa ukarimu wote. Lakini hakuketi. Alisimama na kisu cha mkate mkononi, akanihoji.

"Ile sauti ni yako?"

"Ni yangu, Shangazi."

"Na mdomo?"

"Ulikuwa wangu siku ile ya kurekodi. Sasa ni mashine tu, Shangazi. Naapa mbele ya Mungu, hakuna mtu pale. Ni chuma kinazunguka."

"Ni kama gramafoni ya memsahibu," Eliya akaingilia. "Si huwa unaisikia ikiimba, na ndani hakuna mtu?"

"Ile huimba wimbo wake, haijali mimi niko ama siko," Shangazi akasema. "Hii mimi nauliza saa, inaniambia saa. Tena saa ya ukweli, nimeangalia na ile ya ukutani kwa memsahibu. Sasa Eliya, wewe umesoma. Niambie ni kitu gani hicho kinajua saa na hakijui salamu."

Eliya alinitazama, mimi nikautazama mkate. Swali lilikuwa la haki. Shangazi akaweka kisu chini, akatoa hukumu. "Memsahibu anaenda mjini Alhamisi. Nitapiga, niseme na huyo wa ndani vizuri. Mimi nimelea watoto, nimehudumu kwa watu, mtu namjua. Kama ni chuma, basi nimekosa mimi, na Jumamosi tutakuja kwenu na wazee. Lakini kama ni mtu, na siku hizi zote amekuwa akiniringia, Eliya atafute kwingine." Tulipotoka, Eliya alikuwa na wasiwasi, mimi nilikuwa nimetulia. Nilikuwa nimeapa kweli. Mashine ingejisomea saa yake, Shangazi angechoka, na mimi ningeolewa. Kwa mara ya kwanza niliishukuru ile mashine.

Jumanne mvua ikanyesha. Si mvua, ni gharika, na paa la stoo likavuja juu ya mota ya Kiswahili ikaungua ikatoa moshi. Ya Kiingereza ilikuwa upande wa pili, haikuguswa na tone. Nauliza hadi leo, kwa nini tone lile halikuangukia upande wa mke wa Bwana? Vipuri vilikuwa Nairobi, na kutoka hukohuko Nairobi walikuwa wanakuja wakubwa watatu, Alhamisi hiyohiyo, kusikiliza mashine ya Kiswahili na kuamua kama miji mingine ipewe. Bwana Dakika alikuwa ameshawaandikia kwamba haikosei hata sekunde. Aliketi juu ya sanduku, shingo yake imekuwa nyekundu zaidi, akanitazama muda mrefu, na mimi nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

"Siku mbili tu," akasema. "Wewe nakuwa mashine."

Alinikalisha stooni mbele ya saa ya ukutani, akanivalisha vile vidude vya masikioni, akaweka taa ndogo nyekundu mezani. Zarina akiunganisha mtu, taa inawaka, na mimi nasoma saa. Kila dakika ikigeuka, nasoma tena, mpaka mtu akate. Nisikohoe. Nisivute pumzi kwa sauti. Nisimjibu mtu yeyote neno lolote, hata awe Gavana. "Kama wewe najibu," akasema, "mimi nakuwa mwongo mbele ya watu wakubwa, na wewe narudi nyumbani, hapana kazi tena." Nilifikiria wasichana wa mwalimu wangu. Nikasema ndiyo Bwana. Zarina, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinong'ona akipita, "Wewe shukuru choo hapana mbali."

Jumatano nilijifunza kitu ambacho mashine ilikuwa ikikisikia kwa miezi na haikuniambia. Kumbe Zarina alinisimulia ya kuchekesha tu. Kulikuwa na nyapara mmoja aliyepiga saa kumi na mbili unusu, akasomewa saa, akasema, "Asante mama, uwe na siku njema," kisha akangoja. Alingoja dakika nzima, nikamsomea nyingine, ndipo akakata taratibu. Kulikuwa na karani wa duka aliyeniambia hasira zangu ni za kukosa mume. Kulikuwa na mzee aliyetaka kujua kama mvua imenyesha mjini, maana ameacha mtama wa mwanawe umeanikwa nje huko. Aliniuliza mara nne, na mimi kupitia ukuta naisikia mvua inavyopiga mabati. Nilisoma saa. Ilipofika jioni taya liliniuma na nilikuwa nimekasirika na kila mtu: na Bwana kwa kuniketisha pale, na wale watu kwa kutojua kwamba hawaongei na mtu, na mimi mwenyewe kwa sababu walikuwa wanaongea na mtu. Nililala bila kula. Alfajiri nikakumbuka Alhamisi ni siku ya nani.

Wakubwa walifika asubuhi, wakaketi karibu na Zarina, kila mmoja na kisikilizio chake na saa yake mkononi. Stooni hawakuingizwa, Bwana aliwaambia mlango ukifunguliwa vumbi litaharibu mitambo. Nilikuwa peke yangu. Nimewahi kujidanganya kwamba kulikuwa na mtu aliyenisimamia, lakini hapakuwa na mtu. Saa nne na kitu taa ikawaka.

"Hujambo, mwanangu? Ni mimi Raheli."

"Sasa ni saa nne na dakika kumi na mbili."

"Haya. Leo sikupigii kwa hasira." Sauti yake ilikuwa chini, si ile ya Jumapili. "Nataka kukwambia neno. Mimi nilikuwa na mtoto. Esta. Nilimzaa kabla sijaja huku, kabla sijamchukua Eliya, na kwetu hawakutaka atajwe kwa sababu hakuwa na baba. Alikufa kwa homa, siku mbili tu. Alikuwa na miaka minne. Leo ndio ile siku. Kila mwaka siku kama ya leo mimi napika mikate ya memsahibu na nanyamaza. Nimesema mwaka huu nimwambie mtu. Sasa wewe niambie pole tu. Sitakuuliza kitu kingine."

Nilisikia kifuniko cha sufuria kikicheza kule kwake jikoni. Nilisikia pumzi za wale Wazungu kwenye laini, ambao hawakuelewa hata neno moja. Pole ni neno la sekunde moja. Na kila kitu kilinitaka ninyamaze: kazi yangu, shingo ya Bwana, kiapo changu cha Jumapili, hata Eliya mwenyewe, kwa maana nikisema pole nimekuwa mtu, na nikiwa mtu nimekuwa yule aliyemringia, na hakuna posa. Nilijiambia nitamweleza baadaye. Nilijiambia sekunde zinapita. Mshale ukafika juu.

"Sasa ni saa nne na dakika kumi na tatu."

 Kisha akasema, si kwangu, ni kama kwa nafsi yake, "Haya basi." Akakata. Kupitia mlango nikamsikia mkubwa mmoja akisema kwa Kiingereza kwamba mtu anaweza kurekebisha saa yake kwa sauti ile, na wenzake wakacheka kwa furaha. Walipoondoka Zarina aliingia stooni. Yeye alikuwa ameelewa kila kitu. Nilingoja aigize, acheke, aseme lolote. Alinivua vile vidude masikioni, akaviweka mezani. "Wewe naweza," akasema. "Mimi hapana weza." Hakuwahi kunisimulia tena vichekesho vya simu.

Nilidhani baadaye ingekuja. Sasa sikiliza ujinga niliojifungia ndani yake kwa zaidi ya miaka hamsini. Shangazi Raheli hakuwahi kunitajia Esta. Alikuwa ameshamtaja mara moja, kwa chuma, na chuma hakikujibu, akafunga habari hiyo. Na mimi sikuweza kumwambia pole kwa kitu ambacho hakuniambia. Tuliishi pamoja miaka ile yote, akanipokelea watoto wanne mikononi mwake, akanifundisha mikate, tukazeeka karibu pamoja. Eliya nilimzika bila kumwambia. Kila mwaka siku ile nilikwenda kwake na maziwa, naketi, nazungumza mambo ya kuku, naondoka; naye akasema kwa majirani, "Huyu mke wa Eliya ana moyo, huja tu bila kuitwa." Ijumaa iliyopita yule kijana wa miwani alisoma wasifu wake kwenye kipaza sauti: marehemu hakujaaliwa kupata mtoto wa kumzaa. Watu wakatikisa vichwa, oh, masikini. Katika umati ule wote mimi ndiye niliyejua, na dakika tano baadaye niliitwa mbele nikapewa kipaza sauti mkononi. Ningesema jina la mtoto. Badala yake nikawaambia habari ya chai na maziwa.

Lakini nilikuwa nasimulia ile Jumamosi. Walikuja. Saa nane mchana niliwaona kupitia dirisha la nyumba ya baba mdogo nilikoishi, pale lokesheni, mtaa wa Waafrika: wazee wawili wenye makoti, Eliya nyuma yao, na mbele kabisa Shangazi Raheli amevaa gauni la kijani na kitambaa cheupe, amebeba mkate mzima mikononi, siyo kipande cha pembeni. Mama mdogo alikuwa amepika kuku, wali, na viazi ambavyo mimi nilivimenya vibaya kwa kuchungulia njiani. Chumba kilikuwa kidogo, magoti ya watu yanagusana, kuta zimebandikwa kurasa za magazeti. Walipokaribishwa na kuomba, mzee wa upande wao alikohoa ili aanze, Shangazi akainua mkono.

"Kabla hamjasema ya ng'ombe, mimi nina langu," akasema. Akasimama. "Wengine hapa mnajua nilimkasirikia huyu msichana. Nilisema ana kiburi, nilisema haingii kwetu. Alhamisi nikaijaribu ile kitu ya simu. Niliiambia neno. Sitawaambia ni neno gani. Lakini hilo neno hata mwizi akilisikia, angeweka mzigo chini aseme pole. Ile kitu haikusema. Ilinisomea saa." Wazee wakatikisa vichwa. "Basi nikajua Eliya alisema ukweli, ile ni chuma. Kwa sababu mtu aliyezaliwa na mwanamke, awe na kiburi namna gani, hilo hangeweza."

Akaja hadi nilipokuwa nimesimama na birika ya chai, akaitoa mikononi mwangu, akampa mama mdogo, akanishika mikono yote miwili. Yake ilikuwa na makovu ya stovu.

"Dorika, nilikudhania vibaya, na nikakusema kwa watu. Nisamehe, mwanangu."

Mama wa umri ule akikuomba msamaha mbele ya wazee, humwachi akisimama akingoja. Baba mdogo alinitazama niharakishe. Eliya alikuwa anatabasamu kwa meno yake yote. Watu wote mle chumbani waliningoja mimi.

"Nimekusamehe, Shangazi," nikasema.